Msuko Mkononi mwa Mgeni

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni tamthilia. Guiding Light ya Marekani nayo, kwa lugha ya sebuleni, ni tamthilia. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 1969, unaisoma jioni moja ukaimaliza, na mtunzi wake anajulikana. Ya pili ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, ikaja kuzimwa tarehe 18 Septemba 2009. Mwasisi wake, Irna Phillips wa Chicago, alifariki Desemba 1973, na hadithi ikaendelea bila yeye kwa miaka mingine 36. Ukiuliza mtunzi wa Kinjeketile ni nani, mwanafunzi wa kidato cha tatu atakujibu bila kusita. Ukiuliza mtunzi wa Guiding Light ni nani, jibu la haki ni swali: ya mwaka gani?

Neno tamthilia halikuumbwa kwa ajili ya kitu cha namna hiyo. Tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa mfano na kufananisha, na darasani tumelizoea kama jina la mchezo ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa, wenye maonyesho yanayohesabika. Televisheni zilipotuletea michezo isiyokwisha, tulilivuta neno lilelile likatosha. Sina ugomvi na hilo, maneno huishi kwa kuvutwa. Ila hapa limetuachia dhana moja ya uongo: kwamba yuko mtunzi mmoja mahali fulani anayejua mwisho wa hadithi. Hayupo. Kilichopo ni cheo, na watu wanakipokezana. Waamerika humwita mwenye cheo hicho kwa jina ambalo kwetu lingekuwa mwandishi mkuu, na kila anapobadilishwa, tamthilia hubadilika hata kama sura ni zilezile, sebule ni ileile na muziki wa kufungulia ni uleule.

Mwandishi mkuu: maneno mawili, na yote mawili yana walakini.

Tuanze na mwandishi. Tamthilia ya mchana ya Marekani hurushwa siku tano kwa wiki, yaani vipindi takribani 250 kwa mwaka. Zamani, vipindi vilipokuwa vya dakika 15, Irna Phillips aliweza kujibebea mzigo mkubwa peke yake: alisema kwa mdomo maneno ya wahusika wote, mmoja baada ya mwingine, na katibu wake akaandika. Vipindi viliporefuka hadi saa nzima, kama ilivyofanya Another World mnamo Januari 1975 kabla ya wenzake wote, kazi ilibidi igawanywe. Siku hizi mwandishi mkuu anaandaa waraka wa miezi ijayo: nani atampenda nani, siri ipi itafichuka, nani atakufa na nani atasingiziwa. Wasaidizi wake wanaukata waraka ule katika siku, onyesho kwa onyesho. Wengine tena ndio wanaoandika mazungumzo, kila mmoja kipindi chake, kisha mhariri anapitisha kalamu ili mhusika wa Jumatatu asiongee kama mtu mwingine ifikapo Alhamisi. Kwa hiyo huyo anayeitwa mwandishi mkuu huenda hakuandika hata sentensi moja kati ya zile ulizozisikia jana.

Na mkuu? Kwetu kuna mkuu wa shule, mkuu wa wilaya, mkuu wa kituo cha polisi, na kila mmoja wao ana mtu wa juu yake. Hapo neno limepatia. Juu ya mwandishi mkuu yuko mtayarishaji mkuu, juu ya mtayarishaji kuna kituo cha televisheni, na kwa miongo mingi juu ya wote alikaa muuza sabuni. Ndiyo asili ya jina la Kiingereza la michezo hii. Ma Perkins, iliyoanza redioni mwaka 1933, ilitangazwa kwa jina la Oxydol, sabuni ya unga ya Procter & Gamble, na kampuni hiyohiyo ikaja kumiliki Guiding Light, As the World Turns na Another World. Mikataba ilikwenda kwa mizunguko ya wiki 13, na mzunguko ukiisha mtu aweza kuambiwa ahsante. Irna Phillips mwenyewe aliambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirudi kuiandika As the World Turns, aliyoianzisha mwaka 1956, akamleta Kim, mwanamke anayebeba mimba ya mume wa dada yake. Mwaka 1973 Procter & Gamble wakamwondoa. Aliyeijenga nyumba alitolewa nje na wenye kiwanja.

Kwa hiyo nikitafuta neno la kulishikia jambo hili kwa Kiswahili, siendi kwenye vyeo. Naenda kwenye msuko. Wanafasihi wetu wamelikubali neno hilo kwa maana ya mpangilio wa matukio, na shuleni husomwa sambamba na ploti bila mtu kulitazama mara mbili. Tulitazame. Msuko umetoka katika kusuka, na kinachosukwa mbele ya macho yetu kila siku ni nywele. Sasa fikiria msusi ameondoka kabla hajamaliza, na amekuja mwingine. Kichwa kimesukwa nusu. Mistari imeshagawanywa. Na mwenye kichwa amekaa pale macho wazi, anajua alikuwa anasukwa nini. Msusi mgeni anaweza kuuendeleza mstari alioukuta, anaweza kuunganisha nywele za dukani, au anaweza kufumua.

Kufumua ndilo neno ninalolitaka zaidi. Waamerika wana neno lao, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya asili ya Kilatini yenye maana ya mwendelezo unaorudi nyuma: unaandika leo jambo linalobadilisha kilichoonyeshwa miaka iliyopita, kisha unadai ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Ni neno la ofisini. Sarufi yetu imelimaliza jambo hilo kwa irabu moja: funga, fungua, ziba, zibua, fuma, fumua. Walimu huiita kauli ya kutendua, nami sijui kauli nyingine inayoieleza kazi hii vizuri zaidi. Hadithi iliyotendwa inatenduliwa.

Mfano ambao mashabiki wa Marekani hawajausamehe ni wa Erica Kane. Yeye alikuwa nyota wa All My Children, iliyoanza Januari 1970 chini ya mkono wa Agnes Nixon. Nixon alilelewa kikazi na Irna Phillips, ndiye aliyerithishwa Guiding Light mwaka 1958, na mwaka 1962 aliingiza humo kisa cha mama wa familia, Bert Bauer, na saratani ya mji wa mimba. Wenye mamlaka walikubali kwa sharti kwamba neno saratani lisitamkwe, wala mji wa mimba usitajwe. (Kuandika majuma ya vipindi juu ya ugonjwa usio na jina, tena ukaeleweka: mtunga istilahi yeyote angepaswa kupewa zoezi hilo.) Basi Nixon alijua kupenyeza mambo mazito katikati ya matangazo ya sabuni. Mwaka 1973, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade, Erica, binti mrembo mwenye ndoto ya kuwa mwanamitindo, alitoa mimba kwa njia halali. Hakuwa mgonjwa. Hakutaka mtoto wakati ule, na mumewe hakuambiwa. Kwa televisheni ya mwaka huo lilikuwa jambo kubwa, na likawa sehemu ya mhusika mwenyewe. Aliyemfahamu Erica alilifahamu hilo.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Kwenye kiti cha mwandishi mkuu akawa amekaa Megan McTavish. Katika vipindi vya mwaka 2005 na 2006 akaletwa kijana, Josh Madden, na polepole ikafichuliwa kwamba mimba ile haikuharibiwa: daktari aliichukua kwa siri kutoka kwa Erica akaipandikiza kwa mke wake, na Josh ndiye aliyezaliwa. Kitabibu ni kichekesho, lakini si sayansi iliyowaudhi watu. Mtazamaji wa tamthilia hizi ameshaona mengi, hadai cheti cha hospitali. Kilichouma ni kwamba mtu alirudi nyuma miaka thelathini na kitu, akaushika mstari ambao hakuusuka yeye, akaufumua, na kwa kufanya hivyo uamuzi wa mwanamke ukageuka kuwa wizi wa daktari. Erica wa 1973 alichagua. Erica wa 2006 alikuwa amefanyiwa. Hayo ni mabadiliko ya kauli kwa maana halisi ya kisarufi, na yamempokonya mhusika utendaji wake.

Tena kazi yenyewe haikumfaa mtu. Mwandishi mkuu mwingine alikuja, na mwaka 2009 Josh akapigwa risasi, moyo wake ukapandikizwa kwa dada yake Kendall. Kijana aliyeletwa kwa gharama ya historia nzima ya mama yake akawa kiungo cha akiba.

Kufumua na kufufua hutofautiana kwa herufi moja, na katika biashara hii watu huyachanganya mambo haya mawili kila siku. Vijiweni kwetu kuna kanuni ya zamani ya sinema: stelingi hafi. Ukimwona amepigwa risasi kumi, ngoja. Kwenye tamthilia ndefu kanuni hiyo imepanuliwa: hata akifa, na jeneza likashushwa, na mjane akaolewa tena, ngoja. Watazamaji husema "kafufuka", na nawaelewa. Ila ukilipima neno, kufufua kunakubali kwamba kifo kilitokea. Tamthilia haifanyi hivyo. Inachosema ni kwamba hakufa kabisa, mlidanganywa, alikuwa kisiwani. Huko si kufufua maiti. Ni kufumua msiba.

Kisiwa sijakitunga. James E. Reilly aliiandika Days of Our Lives kwa awamu mbili, na watu wawili wanaoijua tamthilia hiyo hawatakubaliana juu yake. Mara ya kwanza, katika miaka ya 1990, alimzika Carly akiwa hai ndani ya jeneza, kisha akamwingiza shetani mwilini mwa Marlena, daktari wa akili aliyekuwa nguzo ya mji wa Salem. Waliozoea mapenzi na mikasa ya kawaida ya familia ya Horton walishika vichwa. Wengine wakavutwa, na Days ikapanda hadi kushika nafasi ya pili kwa idadi ya watazamaji. Nasema hilo kwa sababu ni rahisi kumfanya kila mwandishi mgeni kuwa mharibifu. Reilly hakufumua kitu mara ile ya kwanza. Aliunganisha nywele za rangi ya ajabu, lakini zilikaa.

Mara ya pili, kuanzia 2003, alileta muuaji. Wahusika wakongwe walikufa mmoja baada ya mwingine, na Marlena, huyohuyo, akaonyeshwa kuwa ndiye anayewaua. Alice Horton, bibi wa mji mzima, aliyechezwa na Frances Reid tangu kipindi cha kwanza cha Novemba 1965, alisakamwa koo kwa donati. Mashabiki walilia kwelikweli, maana huyu hakuwa mhusika tu, alikuwa bibi aliyekaa sebuleni mwao miaka karibu 40. Baadaye ikaja habari kwamba marehemu wako hai kwenye kisiwa kinachoitwa Melaswen, jina ambalo ukilisoma kinyumenyume unapata Salem mpya kwa Kiingereza. Furaha ilikuwepo, siikatai. Lakini mtu aliyelia na kufuta machozi, ukimwambia yale machozi yalikuwa ya bure, hatalia tena upesi. Taharuki, ambayo ndiyo bidhaa pekee ya mchezo wa namna hii, huishiwa nguvu hapo.

Waandishi wa Marekani wana neno jingine ninalolipenda: jumla ya wahusika walio hai kwenye hadithi kwa wakati fulani huiita kwa jina la kitambaa cha mchoraji. Kitambaa hicho kwetu ni turubai, na kwetu turubai halikumbushi uchoraji. Hufungwa uani kwenye msiba au harusi, na chini yake wanakaa ndugu, majirani, wasiosemezana, waliokuja kula na waliokuja kuchungulia. Tafsiri hii imenoga kuliko asili yake. Tamthilia hizi zinaishi kwa misiba na harusi, na swali la kwanza la mwandishi mgeni ni hilo: chini ya turubai wamekaa nani, na nani ana neno na nani?

Douglas Marland alilijua swali hilo kuliko wenzake wengi. Aliacha orodha ya maonyo kwa yeyote anayetaka kuepuka kuiharibu tamthilia, na kiini chake ni cha mtu anayejua kwamba ameingia nyumba ya watu: itazame tamthilia, jifunze historia yake, soma barua za watazamaji, usimwondoe mtu yeyote kwa miezi sita, waulize waigizaji kuhusu wahusika wao kwa kuwa wao ndio wanaowajua, na wahusika wapya walete taratibu maana mtazamaji huchukua nusu mwaka hata mwaka kumjali mgeni. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1982 aliiacha Guiding Light ikiwa juu, kwa kupinga kuondolewa kwa mwigizaji Jane Elliot.

Alipoichukua As the World Turns mwaka 1985 aliikuta familia ya Hughes, iliyokuwepo tangu 1956, akamkuta pia binti tajiri anayeitwa Lily Walsh aliyeingia mwaka mmoja kabla yake. Marland alileta familia nzima mpya, wakulima, akina Snyder. Kuleta familia mpya ndiyo dhambi ya kwanza ya waandishi wageni: wanapenda watu wao, wanawasahau wa zamani. Yeye aliufunga mzigo wake mpya kwenye kichwa alichokikuta. Ikaja kujulikana kwamba Lily si mtoto wa kuzaa wa Lucinda, mama aliyemlea, bali wa Iva Snyder. Mtu aweza kusema huko nako ni kufumua. Hapana. Hakuna kilichokwishaonyeshwa kilichokanushwa, kwa sababu aliingia pale ambapo hadithi ilikuwa kimya. Kwa jambo hilo ningetumia kuchokonoa, au kwa lugha ya ndani ya familia zetu, kuibua: kulikuwa na siri, na siri zipo kila ukoo. Marland aliendelea kuiandika hadi alipofariki mwaka 1993. Katika miaka hiyo, mwaka 1988, alimleta Hank Elliott, mwanamume wa kwanza katika tamthilia za mchana za Marekani kuandikwa waziwazi kuwa anapenda wanaume wenzake, na alimwingiza kwa utaratibu uleule, kama mtu wa kawaida kati ya watu waliokwishazoeleka.

Lile shauri la kuwauliza waigizaji linastahili mfano wake. Helen Wagner alisema maneno ya kwanza kabisa ya As the World Turns, tarehe 2 Aprili 1956, akiwa Nancy Hughes. Alikuwa bado Nancy alipofariki Mei 2010, miezi minne kabla tamthilia yenyewe haijazimwa. Waandishi wakuu walikuja na mabegi yao wakaondoka nayo. Kati ya mwandishi wa juma la pili na mwanamke huyo, nani ameajiriwa na nani?

Lakini mgeni si lazima aogopwe. Harding Lemay alikuja Another World mwaka 1971 akitokea ulimwengu wa vitabu na jukwaa, hana uzoefu wa tamthilia hizi, akakaa hadi 1979 na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo. Alimkuta Rachel, mwanamke mchonganishi aliyebuniwa na Agnes Nixon kwa ajili ya kuvunja nyumba za watu. Lemay hakumgeuza malaika kwa siku moja, wala hakusema kwamba ubaya wake wa zamani ulikuwa wa pacha. Alimpa mume mwenye umri mkubwa kuliko wake, Mac Cory, na muda, na sababu. Rachel akawa mwanamke mwingine huku yale aliyoyafanya yakibaki yamefanyika. Hiyo ni kuendeleza, nayo inaruhusu mabadiliko makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Watazamaji wetu wa Afrika Mashariki wana istilahi zao, na mara nyingi ni kali kuliko za wataalamu. Wakati Isidingo ya Afrika Kusini ikirushwa na ITV, na hata leo mbele ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, hutasikia mtu akitaja taharuki ya mwisho wa kipindi. Utasikia: "Wameishia patamu!" Mhusika aliyeachwa miezi bila kazi, Waamerika humweka kwenye jiko la nyuma. Sisi humweka benchi, na benchi linaeleweka zaidi, kwa kuwa mchezaji wa benchi bado analipwa, bado amevaa jezi, na kocha mpya ndiye mwenye hatima yake. Mwigizaji akibadilishwa, tunasema "wamembadilisha", na hilo "wa-" ni la kuangaliwa: hatujui ni akina nani, lakini tunajua wapo. Mtoto aliyezaliwa mwaka juzi akirudi kutoka shule ya bweni ana ndevu, Waamerika wana jina la mzaha lenye sura ya ugonjwa. Bibi yangu angesema tu kwamba wenzetu watoto wao wanakula nini. Sioni haja ya istilahi.

Hata taasisi nzima huweza kuwekwa benchi. General Hospital, iliyoanza Aprili 1963, kwa jina lake ni hospitali. Claire Labine alipoiandika katikati ya miaka ya 1990, hospitali ilikuwa moyo wa hadithi, na kwa kisa kimoja ilikuwa moyo kweli: mwaka 1994 mtoto BJ alikufa katika ajali ya basi la shule na moyo wake ukapandikizwa kwa binamu yake Maxie. Mwaka uliofuata Stone, kijana, alikufa kwa UKIMWI, na mpenzi wake Robin akabaki na virusi. Kisha kiti kikamfikia Robert Guza, aliyekikalia kwa muda mrefu na kwa zaidi ya awamu moja, na hadithi ikahamia kwa majambazi wa bandarini na bosi wao Sonny. Madaktari walibaki, wakingoja majeruhi. Hakuna aliyefumua kitu. Jina tu ndilo lililoachwa limening'inia mlangoni.

Kuna hati ambayo Waamerika huiita kwa jina la kitabu kitakatifu: historia ya wahusika, sheria za hadithi, mwelekeo wake. Kuiita biblia au msahafu kwa Kiswahili ni kutafuta maneno na watu, na neno mwongozo tayari lina kazi nyingine kwenye filamu. Mimi ningeiita daftari na kuendelea na safari. Kinachonivutia ni kuona kwamba mahali fulani daftari hilo lina nguvu kuliko mwandishi. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, uliandikwa kwa mbinu aliyoibuni Miguel Sabido wa Mexico katika miaka ya 1970. Mbinu hiyo huanza na jedwali la maadili: mchezo unasimamia nini na unapinga nini, kabla mhusika yeyote hajapewa jina. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, hakuwa huru kwa mwandishi yeyote. Ungeweza kumchekesha msikilizaji kwa vituko vyake utakavyo, ila hukuweza kumfanya avune heri kwa mwenendo ule huku mkewe Tunu akipata shida. Hapo mwandishi akibadilika, msuko hauyumbi sana. Bei yake ni kwamba hautashangaza sana pia, lakini mchezo huo haukuundwa kwa ajili ya kushangaza.

Na pale ambapo mwandishi habadiliki? William J. Bell, mwanafunzi mwingine wa Irna Phillips, alianzisha The Young and the Restless mwaka 1973 pamoja na mkewe Lee Phillip Bell, akaishika hadi 1998. Aliyemrithi, Kay Alden, alikuwa amefanya kazi chini yake tangu miaka ya 1970, kwa hiyo hapakuwa na mgeni. Alden alipoondoka mwaka 2006 mlango ulifunguka, na tangu hapo wameingia Latham, kisha mkwe wa Bell mwenyewe, kisha Griffith, Pratt, Sussman, Young, na Griffith tena. Katikati yao ulipita hata mgomo wa waandishi wa Novemba 2007 hadi Februari 2008, ambapo vituo viliendelea kurusha hadithi kwa mikono ya makaimu. Kwa haki yake, tamthilia hiyo haikuacha kuongoza kwa watazamaji katika kundi lake, ingawa kundi lote limekuwa likipungua, na hilo si kosa la mwandishi hata mmoja. Wanawake walikwenda kazini, chaneli zikawa mamia, na kesi ya O.J. Simpson mwaka 1995 iliwafundisha wengi kwamba mchana wanaweza kuangalia kitu kingine.

Kwenye The Bold and the Beautiful, kwa upande mwingine, mtoto wa William na Lee, Bradley Bell, ndiye mwandishi mkuu tangu 1993. Hapo ndipo nadharia yangu ya mgeni inapopata mtihani. Taylor, mhusika wa humo, alikufa katika ajali ya ndege, kisha akaonekana yuko Morocco, kwenye kasri la mwanamfalme Omar. Akafa tena mwaka 2002 kwa risasi ya Sheila. Mwaka 2005 akarudi tena, na aliyemwokoa, ukipenda amini, ni Omar yuleyule. Kifo cha mara ya pili kilisukwa na kufumuliwa na mkono mmoja. Siwezi kumlaumu mgeni kwa kazi ya mwenyeji. Na bado naona tofauti: Bell anapofumua, anafumua cha kwake, na wahusika wake hawabadiliki ndani. Taylor alirudi akiwa Taylor, na ugomvi wake na Brooke juu ya Ridge uliendelea pale ulipoachwa. Erica hakubahatika hivyo.

Tamthilia za kwetu sasa zinaanza kurefuka. Huba na Jua Kali zimevuka urefu ambao mtu mmoja aweza kuubeba kichwani, na siku si nyingi watapokezana. Cheo cha mwandishi mkuu kitakuja, kwa jina hilohilo, na hakuna wa kukizuia kwa kuwa mikataba inapenda vyeo. Ombi langu ni dogo na linahusu yale majina yanayopanda kwenye kioo kipindi kikiisha. Msuko uandikwe peke yake, na mazungumzo yaandikwe peke yake, kila kimoja na jina la mwenyewe. Hapo bibi akiuliwa kwa donati, tutajua tumgombeze nani, na yule kijana aliyeandika tu sala ya maziko aachwe apate usingizi.